Hasara: Hakuna

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoagiza, maana wewe husema simu ni ya kuitia zimamoto. Barua hii nitampa dereva wa lori la saruji anayepita dukani kwenu.

Kazi inaendelea, ila bado niko kwenye majaribio, na mtu wa majaribio hata kupiga chafya huomba ruhusa. Ofisi yetu iko juu ya duka la vioo. Tunatia maneno na sauti za Kiswahili katika michezo ya kompyuta iliyotengenezwa kwingine. Mimi niliajiriwa kupanga mafaili, lakini hapa kuna desturi: karani mgeni kuliko wote huitwa Macho Mapya. Mchezo ukikamilika, yeye huucheza kwanza, kwa kuwa wenzake wameshauzoea, kisha huandika ukurasa mmoja wa maoni ya mara ya kwanza. Ukurasa huo husomwa kwa sauti wakati wa chai. Mkuu wetu, ambaye wote tunamwita Jemadari (hata mbele yake; anapenda), akiridhika, mchezo unatoka na maneno ya Macho Mapya yanawekwa kwenye bango. Asiporidhika, hutazama kwanza ukurasa, kisha humtazama karani.

Jana ilikuwa zamu yangu. Mchezo ni wa vita, vile vya zamani ulivyokuwa ukitufundisha, wageni kupigana na wageni katika nchi ya watu wengine.

Mjomba, kwa macho ni mzuri, na hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi. Unaitazama nchi kutoka juu kama mwewe. Imekatwa vipande vipande kama sega la nyuki. Mito inameta. Wameyachora magwanda hadi vifungo, na bunduki ni zilezile za kwenye vitabu vyako. Nilipotafuta watu wa nchi yenyewe sikuwaona. Nikafungua kisanduku kilichoandikwa "Vifaa", nikawakuta humo: unga, wapagazi, risasi. Kwa mpangilio huo.

Wapagazi wakiisha, unabonyeza kijiji. Mlango wa nyumba unafunguka, wanatoka wanaume wanne, kijiji kinageuka kutoka kijani kuwa kijivu. Pembeni ya kioo kuna mzee mmoja mwenye masharubu anayekupa ushauri. Alinishauri hivi: "Mpagazi ni rahisi kuliko punda. Tumia wapagazi kwanza." Mpagazi akichoka kabisa anatoweka kwa mlio mdogo, kama kizibo cha chupa.

Kuna na mzaha. Ukimbonyeza mpagazi mara moja anasema, "Ndiyo, bwana." Ukizidi, "Nabeba, bwana." Ukimbonyeza bila kukoma, unasikia kizee fulani kikiimba upesi upesi kwa sauti nyembamba kama panya aliyebanwa mlangoni. Fundi sauti alinishika kidole akakibonyeza yeye, ili nisipitwe. Ofisi nzima ilicheka, Jemadari akiwa na chembe za biskuti kwenye ndevu. Mimi nilitoa meno tu.

Halafu nikashinda, Mjomba. Nilivimaliza vijiji vyote vya bondeni na nikashinda. Maandishi ya dhahabu yakatokea: "Hongera! Hasara: hakuna." Wapagazi hawahesabiwi.

Nilikwenda msalani nikatapika. Kisha nikanawa uso, nikarudi mezani, nikaandika kwamba mchezo huu umenigusa moyo. Usinicheke. Kodi ya chumba naijua mwenyewe.

Mpwa wako

*

4 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Wiki mbili kimya! Au huko ofisini kalamu zinafungwa kabatini? Mama yako angekuwa hai angesema umemezwa na lifti.

Sasa kaa kitako nikuambie jambo nililolificha tangu mwaka jana, hadi ulimi unaniwasha. Huyo mkuu wako anayependa kuitwa Jemadari nilimfundisha mimi historia. Alikuwa mvivu lakini mwenye maneno. Mwaka jana alikuja hapa nyumbani na kijana wa vinasa sauti. Wanatengeneza mchezo wa vita, akasema, na wanataka sauti ya kweli ya watu waliobeba mizigo, ili walimwengu wajue. Nikamwambia, mwanangu, umefika penyewe. Bibi yako ni binti wa mpagazi. Alikuwa mtoto wa kushika upindo wa nguo baba yake alipochukuliwa.

Basi tukamweka Bibi yako sebuleni, tukafukuza kuku, akaimba. Wimbo uleule anaoimba akiosha vyombo:

Mzigo si wangu,
njia si yangu,
mguu pekee ndio wangu.

Alipokaribia mwisho akanyamaza, akasema koo limekauka. Ni kawaida yake, huishia palepale. Kijana wa vinasa akasema inatosha. Nikatia sahihi kwa niaba yake.

Ndiyo maana nilipokuombea kazi hiyo hawakunikatalia. Nilitaka ushtuke mwenyewe kwa furaha. Umeshausikia? Umewekwa mahali gani? Mwanzoni, naona, kabla vita havijaanza, watu wakiwa wamesimama.

Uzinduzi ni tarehe 21, nasi tumealikwa, viti vya mbele. Bibi yako ameshonesha gauni. Anamwambia kila anayepita, "Baba yangu hakuzikwa popote, lakini sasa ana mahali." Niandikie haraka nimsomee. Usinipe mistari miwili ya kikarani.

Mjomba wako

*

9 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na Bibi nampa shikamoo yake.

Dereva wa lori la saruji alinirudishia barua niliyokuandikia wiki iliyopita. Lori lilivunjika ekseli kabla halijatoka mjini. Haikuwa na jambo kubwa, kwa hiyo nimeiweka.

Nimepokea yako. Nimeshtuka kama ulivyotaka.

Wimbo umo, na umewekwa mahali ambapo kila mchezaji ataufikia. Sauti imerekebishwa kidogo kwa sababu za kiufundi, ndiyo maana sikuitambua. Nilimwomba fundi sauti anisikilizishe ilivyokuwa mwanzo. Ni Bibi. Hata jogoo wetu anasikika nyuma.

Mjomba, nakuomba kitu. Msije tarehe 21. Safari ni ndefu na miguu ya Bibi unaijua. Ngazi za hapa hazina mahali pa kushika. Ukumbi una kelele na baridi ya mashine. Watakaokuja ni vijana wa mjini, wana mizaha yao, hawajui kukaa na watu wazima. Bora abaki nyumbani na gauni lake, nami nitakuja likizo nimweleze kila kitu taratibu.

Mwambie wimbo umo. Hilo ni kweli.

Mpwa wako

*

13 Machi

Wewe mtoto,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaikunja, nikaenda kutembea, nikarudi nikaisoma tena. Haikubadilika.

Ngazi! Baridi! Tangu lini? Bibi yako amepanda mlima ule wa kisimani na ndoo kichwani na wewe mgongoni. Sema wazi unamwonea haya. Sema umepata kiti cha kuzunguka na sasa bibi mwenye miguu iliyopasuka atakuharibia mbele ya vijana wa mjini wenye mizaha. Nilikulea kwa chaki, mpwa wangu. Nilikula vumbi ili wewe uvae shati jeupe. Sikujua shati litakupanda kichwani.

Na tena unajikanyaga. Juzi mwanafunzi wangu, huyo Jemadari wenu, alitutumia bango la uzinduzi. Limeandikwa herufi kubwa: "Mchezo huu umenigusa moyo," na chini yake, "karani kijana, Macho Mapya." Anasema ni wewe huyo. Ofisi nzima inakujua moyo wako, sisi tuliokuzaa unatuambia habari za ngazi?

Bibi yako alitaka asomewe tena na tena. Alisema, "Kama mtoto wangu kaguswa moyo, basi baba wamemweka vizuri." Alikuwa bado anasitasita kusafiri. Bango hilo ndilo lililomwamsha. Limebandikwa juu ya kitanda chake.

Tunakuja. Tutaondoka ijumaa asubuhi na gari la daktari wa mifugo. Kama una haya, simama upande wa pili wa ukumbi, jifanye hutujui. Nitamwambia una kazi nyingi.

Mjomba wako (bado)

*

17 Machi

Mjomba,

Sina haya na Bibi. Nina haya nafsi yangu.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ile barua ya tarehe 3, ile niliyosema haina jambo kubwa. Isome ukiwa umekaa. Ukifika kwenye kile kizee kinachoimba kama panya, ujue ni nani. Na bango, maneno yale niliyaandika nikiwa bado na ladha ya matapishi mdomoni, kwa sababu niliogopa. Hata nilipojua ni Bibi niliendelea kuogopa, nikakuandikia habari za ngazi.

Nilimwendea Jemadari jana kumwomba autoe wimbo. Nilifika mlangoni kwake. Aliuliza, "Vipi, Macho Mapya?" Nikamwuliza kama anahitaji chai.

Dereva ameapa barua itafika kwenu alhamisi. Msimlete, Mjomba. Kwa jina la mama yangu.

Mpwa wako

*

23 Machi

Mpwa wangu,

Tumerudi salama. Barua yako niliikuta chini ya mlango wa duka. Dereva aliifikisha ijumaa jioni, sisi tukiwa njiani kuja kwako. Uliniambia niisome nikiwa nimekaa. Niliisoma nimesimama, kwa kuwa sikustahili kiti.

Naandika yaliyotokea kwa sababu wewe ulikuwa upande wa pili wa ukumbi kama nilivyokuamuru, na mengine huenda hukuyasikia.

Jemadari alinishukuru hadharani, "mwalimu wangu," watu wakapiga makofi, nikavimba kama andazi. Kisha akamwita mwenye lile duka la vioo la chini ya ofisi yenu ajaribu mchezo mbele ya wote. Ule ukuta mzima ukawa nchi. Bibi yako akanishika mkono, "Baba yuko wapi hapo?" Nikamwonyesha wale wadogo wenye mizigo, nikamwambia, ni mmojawapo. Akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akiingia nyumba ya watu.

Yule wa vioo akambonyeza mmoja. Ndiyo, bwana. Nabeba, bwana. Akazidi kubonyeza. Ile sauti ikatoka. Ukumbi wote ukalipuka kwa kicheko, nami nilicheka, mpwa wangu. Bibi yako naye akacheka, kwa adabu ya mgeni anayecheka wenyeji wanapocheka. Alinigusa goti akasema, "Huyo bibi kabanwa na nini?" Wakabonyeza tena. Akacheka tena. Yule mtu mdogo akatoweka kwa ule mlio wa kizibo, na mtu wa nyuma yetu akasema, "Kwisha habari yake, leta mwingine!"

Hapo nikakuona unaondoka ukutani. Nilidhani unatoka nje. Ukaenda kwenye meza ya fundi sauti, ukamsogeza, ukaweka ile sauti ya sebuleni kwetu, mwendo wake wa kweli.

Mdomo wa Bibi yako ulianza kuufuata wimbo kabla yeye mwenyewe hajajua. Kisha mdomo ukasimama, wimbo ukaendelea. Akasema, "Huyo ni mimi." Akageuka akaniangalia. Miaka yangu yote darasani hakuna mtoto aliyewahi kunitazama hivyo.

Jemadari, kwa kutofahamu au kwa kufahamu sana, akapaza sauti, "Naam! Nyota wetu huyo, mpigieni makofi!" Wakapiga. Bibi yako akainuka bila kushikwa. Alisema polepole, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu: "Baba yangu mlimbebesha mizigo. Mimi mmenibebesha kicheko. Nitoeni humo ndani."

Baada ya hapo unajua. Ulitushikia mlango.

Daktari wa mifugo alitushusha mlangoni akaenda zake. Ndipo Bibi yako akaniuliza, "Ulitia sahihi bila kusoma?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na wewe ndiye mwalimu." Basi.

Nimemwandikia mwanafunzi wangu kwamba sahihi niliyoitoa naiondoa, na kwamba asipoitoa sauti ya mama yangu nitakuja kukaa mlangoni kwake, na kila mteja nitamweleza ndani ya mchezo mna nini. Bango nimelibandua mwenyewe.

Nisamehe habari ya shati.

Mjomba wako

*

30 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Usiombe msamaha, utanifanya nilie ofisini, na hapa hata machozi yana mtu wa kuyaripoti. Ingawa hii ni siku yangu ya mwisho, kwa hiyo nalia tu.

Jumatatu iliyopita niliomba ukurasa wangu wa maoni, nikauchana, nikaandika mwingine. Desturi ni desturi, ukasomwa wakati wa chai. Niliusoma mwenyewe, nimesimama. Uliandikwa hivi:

"Nilipoucheza mchezo huu mara ya kwanza nilisikia kichefuchefu. Vifungo vya magwanda ni sahihi. Bunduki ni sahihi. Nilitoa watu majumbani mwao hadi nyumba zikaisha, kisha nikaambiwa hongera, sikupoteza kitu. Mchezo huu si wa uongo. Ndivyo waliovianzisha vita vile walivyohesabu. Kinachonichefua ni kwamba nasi tumetakiwa tuhesabu vivyo hivyo, kwa Kiswahili kizuri, tukakubali, tukacheka."

Jemadari alichovya biskuti yake hadi ikakatikia kikombeni. Akasema, "Umeandika vizuri. Una hisia." Kisha akaniambia majaribio yangu yamekwisha, na kwamba sikufaulu.

Sauti ya Bibi imetolewa. Nimehakikisha kwa masikio yangu. Barua yako ilimtia hofu Jemadari, na wageni wa siku ile wameanza kusema mjini. Lakini nikikuambia nusu nitakuwa nimerudia habari za ngazi, kwa hiyo pokea na nusu ya pili. Mahali pa wimbo wameweka mlio wa mbuzi. Nimesikia wakicheka upande wa pili wa ukuta nilipokuwa nakusanya vitu vyangu. Wanasema unachekesha zaidi. Wapagazi bado wako kati ya unga na risasi. Mzee wa masharubu bado anashauri. Mchezo unatoka wiki ijayo na mwishoni bado unasema hasara hakuna.

Macho Mapya wa sasa ni binti aliyeanza kazi leo asubuhi. Ameniuliza kwa siri, hapa mlango wangu ukiwa nusu wazi, huwa wanataka mtu aandike nini. Nimemwambia, andika kile ulichokiona kabla hujaogopa. Ameniangalia kama mtu aliyeonyeshwa daraja bovu. Sijui atafanya nini.

Mimi sijui nitafanya nini pia. Shati bado jeupe. Mwambie Bibi kwamba nimemtoa humo ndani, lakini baba yake sikuweza.

Mpwa wako

*

4 Aprili

Mpwa wangu,

Rudi nyumbani. Mwenye duka la hapa kwetu anatafuta mtu wa kumwandikia hesabu, na kitanda chako bado kinalia kwenye mguu uleule.

Nimemsomea Bibi yako barua yako yote, na mbuzi sikumficha. Alisikiliza, akatema mate nje ya dirisha, akaendelea kuchambua mboga. Halafu akasema niandike haya, neno kwa neno, nami naandika.

"Mwambie mjukuu wangu asilie kwa ajili ya baba. Baba hawanaye. Siku ile ya vinasa koo langu halikukauka. Ule wimbo una ubeti wa mwisho. Kila mwanaume alipofika kwenye kona ya njia, mahali ambapo nyumba haionekani tena, aligeuka akaimba jina la mtoto anayemwacha. Baba aliimba langu. Nimeimba wimbo huu maisha yangu yote, kwenye vyombo, kwenye misiba, mbele ya mwalimu huyu niliyemzaa, na ubeti huo sijampa mtu. Sasa niwape wenye mashine? Aje akae hapa jikoni. Nitamwimbia mpaka mwisho."

Mimi nimefukuzwa jikoni. Anasema nitasikia siku nitakayojifunza kusoma kabla ya kutia sahihi.

Njoo.

Mjomba wako